Ukuta wa bafu umetunisha tumbo, vigae vinaanguka (nyumba ya kale, Mkomani)

MjukuuWaMkomani
Assalamu alaykum jamaa. Naomba msaada kabla sijafanya kosa la pili, maana la kwanza nimeshalilipia.

Nyumba ni ya bibi, Mkomani hapa Lamu, mawe na chokaa toka enzi hizo. Bafu liko chini, mita 1.6 kwa 2.1. Vigae nilivinunua Mombasa, 30 kwa 60, maboksi 11 ya vigae vinane vinane. Vikapanda basi hadi Mokowe, vikavuka kwa mashua, na kutoka gatini hadi mlangoni vikabebwa na punda. Vilivunjika viwili tu, nikasema alhamdulillahi, kazi ngumu imekwisha. Kumbe haijaanza.

Fundi alikuja Jumatatu bila timazi wala pimamaji. Akaufinyia ukuta jicho moja, akasema, "Huu tutausawazisha na gundi." Akawa anatandika madonge nyuma ya kigae, manne pembeni na moja katikati, mengine makubwa kama andazi. Kufikia magharibi vilikuwa vimepanda 14. Alhamisi alfajiri bibi akasikia kishindo, akadhani paka. Vitatu viko chini. Vilivyobaki ukivigonga vinalia kama debe tupu.

Nimeazima timazi na ubao wa alumini wa mita 2 kwa jirani. Ukuta wa nyuma una tumbo: ukiusimamisha ubao wima kwa timazi, katikati unagusa, juu kunabaki nafasi ya sentimita 3 na nusu. Kona ya kushoto nayo haiko mraba. Nimepima 60 huku, 80 huku, mshazari nikautarajia uwe 100, umekuja 102 na nusu.

Kuna gundi nzito ya kufidia nafasi yote hiyo? Au nibandue nianze upya?

PundaWaSaruji
Pole sana kaka. Usipoziba ufa...

BiKidaka
Hiyo methali tuipe likizo jamani. Kila uzi wa ujenzi lazima mtu aitupie, na mwenye ukuta anabaki na ukuta wake.

Mjukuu, bibi yuko salama? Havikumwangukia?

MjukuuWaMkomani
Yuko salama bi, alikuwa nje anatia udhu. Lakini sasa hataki kuingia bafuni. Anaoga kwa jirani, na kila anayemkuta njiani anamsimulia kwa nini. Mtaa mzima wanajua habari za vigae vyangu.

FundiTimazi
Ndugu, hakuna gundi ya kukutoa hapo, na ukiambiwa ipo ujue unauziwa magunia. Gundi ya kawaida inatakiwa ibaki milimita 3 hadi 6 nyuma ya kigae ukishakibana. Ziko zinazovumilia 10, soma mgongo wa gunia. Wewe unataka 35. Gundi nene hivyo hunywea ikikauka na kuvuta kigae nayo, au kigae huteleza kwa uzito wake kabla haijashika.

Madonge ni ugonjwa mwingine. Kati ya donge na donge kuna pango. Maji yakipenya kwenye grauti (ule ujazo wa mianya kati ya vigae) hukaa mle pangoni, hayatoki. Na kona ya kigae ambayo nyuma yake hamna kitu, siku utakapoipiga kwa ndoo itakatika. Bandua vyote 11 vilivyobaki, usisubiri vianguke kimoja kimoja.

Sasa kazi yenyewe. Weka ubao wa mita 2 ukutani kila upande: wima, mlalo, mshazari. Nafasi chini yake ikiwa haizidi milimita 3, bandika moja kwa moja kwa mwiko wenye meno. Ikizidi, ukuta unyooshwe kwanza kwa plasta. Unaanzia pale palipotokeza zaidi, kwako ni tumboni. Hapo plasta iwe nyembamba kuliko kwingine kote. Kutoka hapo shusha timazi, bandika vidonge vidogo vya saruji ukutani kila mita au mita na nusu, kila kimoja uso wake uguse mstari wa timazi na uzi uliovutwa toka kona hadi kona (uzi wa kamba, si uzi huu). Vikishika unaviunganisha kwa mikanda ya plasta kutoka juu hadi chini, halafu unajaza katikati na kukokota ubao juu ya mikanda. Ukuta unatoka kama kioo hata kama fundi ni mwanafunzi.

Saruji moja kwa mchanga nne. Usirundike sentimita 3 kwa mara moja, itaporomoka ikiwa mbichi au itapasuka ikikauka. Milimita 15 kwa tabaka moja inatosha. Lichore mistari kabla halijakauka ili tabaka la pili lipate pa kung'ang'ania. Unyunyize maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na vigae usivilete mpaka wiki mbili zipite. Tabaka la mwisho usilipige nil (uji wa saruji tupu) likawa laini, gundi haitapata pa kushika. Ukikuta ukuta umeshapigwa nil, uchomwechomwe kwa patasi kwanza.

Malindi_Kwetu
Mkuu nakupiga picha hiyo posti niiweke kwenye simu. Mimi niko Malindi, nyumba mpya, mawe ya matumbawe yale ya kukatwa kwa mashine, kilichoyashika ni saruji. Ukuta mmoja umeenda upande sentimita 2. Ni hivyo hivyo?

FundiTimazi
Kwako ni hivyo hivyo. Lowesha mawe kwanza, matumbawe yana kiu. Usipoyanywesha yatanyonya maji ya plasta yako na saruji itabaki unga.

Malindi_Kwetu
Mchanga nachukua ufuoni, niko karibu.

FundiTimazi
Usithubutu. Chumvi hiyo itakufuata miaka mitano, ukuta uwe unatoka ndevu nyeupe kila msimu wa unyevu.

BiKidaka
Na wa huku wasitafute njia ya mkato kwenye matuta ya Shela. Mchanga ule ndio unaotuchujia na kututunzia maji ya visima vya mji. Tukiubeba kwa magunia tutabaki na bafu zuri lisilo na maji.

MzeeWaChokaa
Waalaykum salaam. Nimesoma toka juu. Fundi Timazi ameandika maneno mazuri ya nyumba ya Malindi. Nyumba ya Mkomani ni kitu kingine.

Mwana wangu, ukuta wa bibi yako ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo moja, yamelazwa ndani ya chokaa, unene nusu mita au karibu yake. Hayakukatwa kwa mashine. Mwashi alichagua iwe (jiwe) moja moja akalikalisha kwa mkono, na uso ule akausawazisha kwa chokaa na jicho. Ulipokuwa na lipu yake ya chokaa hakuna aliyeona tumbo, maana macho hayakuwa na mstari wa kulinganisha. Wewe umeleta kigae chenye kingo nne zilizonyooka, ndipo ukuta ukaonekana kilema.

La pili ni mai, yaani maji. Ukuta huu hunywa mai kutoka chini, na bafuni hunywa na ya kuogea. Chokaa huyaachia yatoke taratibu. Ukiupaka saruji umeufunga mdomo. Mai hayana adabu, yakikosa ndia hii hutafuta nyingine. Hupanda juu zaidi, au hukaa nyuma ya saruji yakiacha chumvi, chumvi huvimba, saruji hujitenga na iwe. Saruji ni ngumu, chokaa ni laini, hivi viwili havitembei pamoja.

Kwa hiyo kabla hujaongeza plasta juu ya plasta, gonga huo ukuta wote. Nashuku kuna mtu aliyekutangulia.

PundaWaSaruji
Mzee kwa heshima zote, mimi mtaani Langoni nimepiga saruji juu ya ukuta wa kale mwaka wa nne huu na haijaanguka hata punje. Mambo ya chokaa ni ya watalii na watu wa filamu.

MzeeWaChokaa
Haijaanguka. Je, umeigonga?

PundaWaSaruji
Nitagonga jioni.

MjukuuWaMkomani
Mzee Mungu akuweke. Nimegonga kwa mpini wa nyundo. Kuanzia sakafuni hadi kifuani ukuta wa nyuma unalia kitupu karibu wote. Nikatoboa kwa patasi sehemu moja: saruji ya unene wa sentimita mbili imetoka nzima kama sahani ya kashata, na nyuma yake unga mweupe mnyevu. Nimeulamba (msiniulize kwa nini). Chumvi tupu.

Bibi sasa anakumbuka. Saruji ilipigwa na mtoto wake mmoja aliyekuja likizo, kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo lile tumbo...

MzeeWaChokaa
Lile tumbo nusu yake si la ukuta. Ni saruji iliyojitenga ikavimba. Itoe yote, kwa upole, patasi na nyundo ndogo. Usilete ile mashine ya kutoboa, itang'oa na mawe. Ukishaiondoa ufagie chumvi kavu kwa brashi, usioshe kwa maji mengi ukairudisha ndani. Acha mlango na dirisha wazi ukuta upumue, wiki kadhaa, usiuhimize.

Na kabla hujaendelea, nenda ukaulize watu wa Makumbusho wanaoshughulikia Mji Mkongwe. Mui (mji) huu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Bafu la ndani huenda wasikukatalie chochote, ila wanajua mafundi wa chokaa, na ushauri ni bure.

BiKidaka
Naongeza la mwanamke anayeoga humo kila siku. Kuna ulazima gani wa kuvisha bafu zima vigae? Maji yanaruka kona moja. Vaa hapo, kwingine acha chokaa. Mimi nimefanya hivyo, ukuta wa mlangoni hauna hata kigae kimoja na ndio mkavu kuliko zote.

Tena usivifikishe hadi dari. Kama dari ni boriti za mikoko kama yangu, boriti hazijalala sawa hata siku moja. Ukipandisha vigae hadi juu, safu ya mwisho itakuwa pana huku na nyembamba kule, na kila anayekaa humo anaisoma kama rula. Ishia mita 1.8, juu yake acha chokaa. Jicho likikosa mistari miwili ya kulinganisha halioni kosa.

Na sabuni utaweka wapi? Ukuta una unene wa nusu mita na watu wananing'iniza vikapu vya plastiki! Kama kuna kidaka cha zamani (kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu) kizibue.

MjukuuWaMkomani
Kidaka kipo bi, kilijazwa saruji na huyo huyo ami. Na birika la zamani (hodhi la maji la kujengwa) lipo kwenye kona ya mbali, kavu, chini yake kuna sahani ya kaure imepachikwa. Nilitaka kulivunja nipate nafasi.

BiKidaka
Ulitaka nini??

MzeeWaChokaa
Usiliguse. Humo walikuwa wakiishi samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua walibaki kwenye ile sahani. Ukilivunja hutalijenga tena, na sahani itaishia dukani kwa mtu.

FundiTimazi
Nimekaa kimya kwa sababu Mzee amenifunza kitu. Nakubali, plasta ya saruji hapo hapana. Lakini tatizo limebaki: chokaa ni laini, na kigae cha 30 kwa 60 na gundi yake kina uzito. Sitakibandika juu ya lipu ya chokaa kwenye kona ya kuogea na kulala usingizi.

Nina pendekezo, Mzee nisahihishe. Ukuta usiubandike kabisa. Simamisha fremu ya mbao zilizotiwa dawa mbele yake, mbao za sentimita 5, na juu ya fremu funga bodi za saruji. Fremu ndiyo itakayonyooka, ukuta ubaki na tumbo lake. Pale ukuta ulipojitokeza fremu inakaribia kugusa, pale ulipoingia ndani unapachika kabari za mbao nyuma ya fremu hadi timazi likubali. Nyuma kunabaki hewa. Acha upenyo chini na juu ili unyevu wa ukuta upate pa kutokea.

Hesabu ya nafasi: tumbo tuseme 2, fremu 5, bodi 1 na kidogo, kigae na gundi 1 na kidogo. Sentimita 9 na ushei zinapotea kila upande utakaovalishwa. Kwa bafu la mita 1.6 utazihisi ila utaishi.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya Lamu inakula chuma cha kawaida kama mchwa.

Malindi_Kwetu
Kwa nini asijenge tu ukuta mwembamba wa mawe ya inchi nne mbele yake? Mbao na bafu mimi sina imani.

FundiTimazi
Chini pale inawezekana, ila atapoteza sentimita 10 za mawe kabla ya plasta, gundi na kigae. Na ningependa anayesoma uzi huu akiwa na bafu la ghorofani asiige hilo. Sakafu ya juu imebebwa na boriti. Ukiipakia ukuta wa mawe na zege umeitwisha mzigo ambao haikuagizwa.

Imani ya mbao inaletwa na rangi ya kuzuia maji. Kwenye viungo vya bodi na konani unalaza utepe wa wavu wa nyuzi, unapaka mkono wa kwanza, unakauka, unapaka wa pili kwa upande unaoukata ule wa kwanza. Ndipo vigae. Kigae na grauti havizuii maji, vinayapunguza tu. Kinachozuia ni hiyo rangi.

MzeeWaChokaa
Sina la kusahihisha. Siku wakichoka na vigae watafungua skrubu na ukuta watauta kama walivyouacha.

*watauta = watauona. Simu hii.

PundaWaSaruji
Nimegonga. Naomba tuendelee na mada.

BiKidaka
😂😂😂

MzeeWaChokaa
Nipigie wakati wako, mwana wangu. Hapa hapana aibu.

MjukuuWaMkomani
Jamani nimerudi, ni wiki ya saba sasa. Nilikwenda kuuliza, wakaja kutazama, wakafurahia birika kuliko mimi. Saruji yote imetoka. Tumbo lililobaki ni sentimita 2 kasoro kidogo, kama Mzee alivyosema. Fundi wa chokaa ameziba mashimo na kupiga lipu kuta mbili za mlangoni. Fremu imesimama ukuta wa nyuma na ule wa kushoto, bodi ziko juu, rangi mikono miwili.

Sasa nabandika mwenyewe na binamu. Sakafu ndiyo inanisumbua. Kutoka kona hadi kona inashuka sentimita 2 kuelekea tundu la maji. Nikianza safu ya kwanza sakafuni kila kitu kitainama.

FundiTimazi
Usianzie sakafuni. Sakafu ya bafu ni lazima iiname, isipoinama maji hayaendi, sentimita 1 au 2 kwa mita ndiyo inavyotakiwa. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya sakafu, pima juu kimo cha kigae kimoja, toa kidogo. Hamisha alama hiyo kuta zote kwa mpira wa maji: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, hakikisha hauna mapovu. Maji ya ncha hii na ya ncha ile yanalingana siku zote. Pimamaji fupi kwenye ukuta mrefu hudanganya kidogo kidogo.

Kwenye mstari huo pigilia ubao mnyoofu, nao ndio utakaobeba safu ya pili. Panda nayo hadi juu. Gundi ikishashika, siku ya pili, toa ubao, ziba matundu ya misumari kwa ile rangi, ndipo ukate vigae vya safu ya chini kimoja kimoja kufuata sakafu. Vitatofautiana kimo, na chini kule hakuna atakayeona. Acha upenyo wa milimita 2 au 3 sakafuni na kwenye kona kati ya ukuta na ukuta. Hizo usizipige grauti, zitie silikoni, maana kuta mbili hazitembei kwa mwendo mmoja.

Ukuta wa nyuma una upana gani baada ya bodi?

MjukuuWaMkomani
Mita 1 na sentimita 51.

FundiTimazi
Ukianzia pembeni utapata viwili vizima na kipande cha 30, sura yake mbaya. Weka kizima katikati na cha 45 kila upande. Mwiko wa meno, chora gundi mistari ya upande mmoja, na mgongoni mwa kigae upake tabaka jembamba. Kila baada ya muda ng'oa kimoja utazame: gundi ienee mgongo wote.

BiKidaka
Rangi ya grauti ni ipi? Vigae ni vya rangi gani?

MjukuuWaMkomani
Vigae vyeupe vya maziwa. Binamu anataka grauti nyeusi, ameona mtandaoni.

BiKidaka
Binamu aoge kwao. Grauti nyeusi juu ya kigae cheupe ni kumulika tochi kila ulipokosea. Chukua inayokaribiana na kigae, spesa (vile vitenganishi vya vigae) za milimita 3.

MjukuuWaMkomani
Nimeweka picha nne. Ya kwanza ukuta wa nyuma, grauti ya rangi ya maziwa. Ya pili kidaka kimezibuliwa, kimepigwa chokaa, sabuni ya bibi iko ndani. Ukikodoa macho safu ya nne kushoto utaona kigae kimoja kimetokeza kama milimita moja. Nakijua, msiniambie. Ya tatu birika, limeshika maji, samaki bado. Ya nne ni ile kona iliyokosa mraba: tuliinyoosha kwa kabari, nyuma ya fremu kuna pengo la pembetatu ambalo binamu anasema angeweza kuficha pesa.

Bibi aliingia jana. Akapitisha mkono ukutani, akagonga, akasikiliza, akagonga tena kona nyingine. Kisha akaniambia nitoke, anataka kuoga.

MzeeWaChokaa
Mashallah. Ule upenyo wa juu wa hewa msiuzibe kwa urembo.

MjukuuWaMkomani
Hatutauziba Mzee. La mwisho: vimebaki maboksi manne na vigae vinne, kwa kuwa kuta za mlangoni hazikuvalishwa. Aliye Lamu na anavitaka aje avichukue, sitaki kitu. Punda ni juu yake.

PundaWaSaruji
Niwekee.